Nyumba ina waya ya intaneti tayari, wifi darini haifiki? Fanya hivi

Sisi twakaa Mji wa Kale, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kweli kweli. Rauta iko chini ukumbini, waya imepanda mpaka darini kwa kompyuta na inaenda vizuri sana, lakini mamangu akitaka kumpigia dadangu video inabidi ashuke ngazi zote zile aje akae barazani, na magoti yake yamuuma. Nikanunua ripita ile ya kuchomeka kwenye soketi, pesa bure, manake ripita inadaka mawimbi yaliyofika yashachoka na kuyarusha tena, sasa kama jiwe halikupitisha kitu itarusha nini? Usishindane na ukuta, pita na waya ambayo iko tayari.

Tafuta rauta ya zamani ya kurusha wifi huko darini, hata ile uliyowacha ulipobadilisha kampuni ya intaneti. Bonyeza kijishimo cha riseti kwa pini kama sekunde 10 ianze upya, halafu iunganishe na kompyuta peke yake, usiiunge na rauta kubwa, ile ya chini, bado. Fungua braoza, andika anwani iliyoko kwenye stika chini yake, mara nyingi ni 192.168.1.1 ama 192.168.0.1.

Kwanza badilisha hiyo anwani yake. Kama rauta kubwa ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, bora isiwe kati ya zile namba ambazo rauta kubwa inagawia simu. Ukisevu ukurasa utapotea, usishtuke, andika anwani mpya uingie tena. Weka jina la wifi na paswadi sawasawa na za chini, ulinzi wa paswadi chagua WPA2, ndio simu ihame yenyewe ukipanda ngazi. Chaneli za wifi ya 2.4 GHz chagua 1, 6 ama 11, lakini isiwe ile ya rauta ya chini.

Mwisho kabisa zima DHCP, ile kazi ya rauta ya kugawia simu na kompyuta anwani, na hapa ndipo watu wengi hukwama, mimi mwenyewe nilikesha siku mbili, simu yaonyesha wifi imejaa lakini intaneti hakuna, kumbe rauta mbili zote zagawa anwani na kila moja yajiona ndio mkubwa wa nyumba.

Sasa ile waya ya darini ichomoe kwa kompyuta uichomeke kwenye tundu la LAN la rauta hii, yaani la vifaa vya ndani ya nyumba, si lile la WAN la kuingizia intaneti kutoka nje, ambalo mara nyingi lina rangi yake peke yake, hilo liache wazi. Kompyuta nayo ichomeke tundu jengine la LAN, itaenda kama kawaida. Iweke pahali pa wazi, si nyuma ya friji. 5 GHz ina kasi lakini ukuta huiua haraka, chumba cha mbali tumia 2.4.

Na kwa sisi tulio karibu na bahari, angalia kichwa cha waya. Changu nilipokichomoa vile vishaba vya mbele vilikuwa vimeota ukijani kwa chumvi, taa ya rauta ikawa yawaka na kuzima. Nikakikata nikabana kipya, rangi za vijiwaya vya ndani kwa utaratibu huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukikichomeka lazima usikie tak.