Ampule (balbu) mpya za taa za ukungu, kabla ya kupanda Tshivanga

Hapa kwetu Kivu Kusini, Kongo, ukitoka Miti kwenda Bunyakiri, barabara inaingia msitu wa Kahuzi, na kule Tshivanga ukungu unaweza kukukuta saa nne asubuhi ukadhani jua halijatoka. Ukiwasha taa kubwa umejizibia njia mwenyewe: mwanga unagonga vitone vya maji, unarudi machoni, unabaki na ukuta mweupe mbele ya kioo. Hapo ndipo zile taa ndogo za chini, puani mwa gari, yaani taa za ukungu, zinapofanya kazi. Mwanga wake ni mpana na bapa, unalamba barabara tu, unakuonyesha ukingo wa mtaro na mita chache za mbele. Mtu anayebeba abiria hahitaji zaidi ya hapo, maana mwendo wenyewe ni wa pole.

Zangu zilipofifia, kijana mmoja kule Kadutu, mjini Bukavu, aliniambia, "Mukubwa, tia hizi za wati mia, utaona mpaka Bunyakiri." Nikatia. Siku ileile fyuzi ya ampea 15 ikakatika, fundi akaweka ya 25, nami nikakubali. Wiki ya pili nikasikia harufu ya plastiki. Nilipofungua, soketi ilikuwa imelainika na kuganda kwenye ampule, na ile rangi ya fedha inayorudisha mwanga ndani ya taa imekuwa kahawia. Hesabu ningeweza kuipiga kabla: wati 55 kwa volti 12 ni karibu ampea 4.6, taa mbili ni 9 na kidogo, fyuzi ya 15 inazibeba. Za wati 100, mbili, ni karibu ampea 17. Fyuzi ikikatika, inakuambia kitu. Ukiweka kubwa zaidi, kinachofuata kuungua ni waya, na abiria wamekaa nyuma yako. Nakusihi usifanye.

Kwa hiyo anza kwa kusoma kitako cha ampule ya zamani. Yangu imeandikwa H11, ndiyo namba ya aina yake, na 55W, yaani wati 55. Nyingine utakuta H8, ambayo inafanana sana na H11 lakini ni ya wati 35. Isipoingia vizuri usiilazimishe. Nunua namba ileile na wati zilezile, ila iliyotengenezwa vizuri. Ukitaka LED, umeme inakula kidogo, lakini angalia kitu kimoja kwa makini: vile vipande vya manjano vinavyotoa mwanga lazima vikae palepale ulipokuwa ule uzi wa ampule ya zamani. Vikisogea, mwanga unatawanyika juu, na ukuta mweupe unarudi. Pima pia nafasi ya nyuma, maana LED ina mkia wa kupoza joto.

Rangi mimi nachagua njano, ile ya kelvini 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Njano haitoboi ukungu. Vitone vya maji ni vikubwa, vinatawanya rangi zote karibu sawa. Lakini ule weupe wa kibuluu unachosha macho yangu haraka. Ufaransa ililazimisha taa za njano mpaka 1993, na Peugeot 504 ya baba ilikuja nazo.

Kufunga si kazi ndefu. Gari ipoe, chomoa waya wa hasi kwenye betri. Kwa taa ya kushoto kata usukani wote kulia, ili upate nafasi mbele ya tairi. Osha kwanza ile plastiki inayofunika ndani, juu ya tairi, kwa sababu tope la kwetu linaziba vibanio na ukivivuta hivyo vinavunjika. Pindua plastiki, ingiza mkono, chomoa plagi, zungusha ampule robo kuelekea kushoto. Halojeni mpya, yaani ampule ya uzi, usiiguse kioo kwa vidole: mafuta ya ngozi yanaleta joto mahali pamoja na kioo kinapasuka. Hakikisha mpira wa kuzuia maji umekaa sawa. LED isipowaka, igeuze plagi, ina chanya na hasi.

Halafu usiku simamisha gari mahali tambarare, mita 7 na nusu kutoka ukutani. Pima kimo cha taa kutoka chini, weka alama ya chaki sentimita 10 chini ya kimo hicho, na zungusha skrubu ya kurekebisha taa mpaka mstari wa juu wa mwanga ufike hapo. Magari yetu mengi yametoka Japani na usukani kulia, taa zake za kawaida zinanyanyua mwanga upande wa kushoto, na sisi Kongo tunapita kulia, kwa hiyo zinampiga machoni anayekuja. Taa ya ukungu mwanga wake ni bapa, haina shida hiyo, ila ukiinyanyua umeileta mwenyewe.

Mwisho iwashe dakika 20, zima, gusa soketi. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa laini, toa ampule hizo leo.