Jinsi ya kuokota kinyesi cha paka wa Andes kwa ajili ya vipimo vya DNA

Huyu paka wa milima ya Andes, Amerika Kusini, usitegemee kumwona. IUCN, shirika la dunia la uhifadhi, wanakadiria waliofikia umri wa kuzaa hawazidi 1,400, hapo umejumlisha Argentina, Bolivia, Chile na Peru, na wengi wako kwenye miamba juu ya mita 3,000, kwa hiyo ukitaka kujua nani ana undugu na nani unatafuta kinyesi chake tu maabara wasome vinasaba.

Anza na kibali. Yuko Kiambatisho cha 1 cha CITES, ule mkataba wa dunia unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kabla ya kuvusha kinyesi mpakani ulizia sheria za nchi. Wafugaji wa llama na alpaka, mifugo ya huko ya jamii ya ngamia, nao waombe ruhusa, wao ndo wanayajua mapango.

Nenda penye viskacha, yule mnyama wa mawe anayefanana na sungura ila ana mkia mrefu, ndo chakula chake kikubwa. Chungulia chini ya mawe yaliyoinama na kwenye mapango madogo makavu, huwa wanarudi kujisaidia palepale, na pakiwa na kivuli ndo vizuri maana jua na unyevu vinaua DNA.

Sasa hapa ndo watu wanakosea sana, usiandike "paka wa Andes" kwa kuangalia tu! Paka wa pampas, paka mwingine wa porini, anaishi humohumo na viskacha anakula. Wanyama wenyewe utawatofautisha, wa Andes ana pua nyeusi na mkia mnene wenye pete pana, lakini kinyesi mpaka maabara wasome DNA ya mitokondria, ile inayoonyesha ni paka wa aina gani.

Glavu mpya kila kinyesi, hata kama vidole vinaganda. Chukua ganda la nje, seli za utumbo wa paka ziko hapo, katikati ni manyoya na mifupa ya viskacha. Tia kwenye bahasha ya karatasi afu kwenye mfuko wenye silika, zile chembe za kufyonza unyevu. Ukifunga kibichi kwenye plastiki kinaota ukungu. Andika tarehe, GPS na mwinuko kwa penseli, na bakiza kipande palepale, ni alama yake kwa wenzake.

Halafu zunguka mabonde mengi jamani, ukibaki bonde moja unaweza kurudi na vinyesi ishirini vya paka wawili. Tofauti za vinasaba vyao ni ndogo, kwa hiyo waombe maabara watumie mikrosatelaiti nyingi, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia na kutofautisha paka mmoja na mwingine, zikiwa chache ndugu wawili wanasomeka kama paka mmoja. Yakitoka majibu kwamba wa bonde hili na lile hawazaliani, hapo unajua ni njia ipi ya paka kupita kati ya mabonde hayo ya kuipigania kabla mgodi haujafunguliwa hapo.