Jinsi ya Kupima Bekari za Nakuru kwa Kiamshakinywa

Anayetaka kujua bekari nzuri mjini Nakuru na aanze na skonzi ya kawaida na kikombe cha chai ya maziwa, wala asivutwe na keki iliyopambwa iliyowekwa mbele ya kabati la kioo. Krimu na sukari hufunika makosa mengi, ilhali skonzi ni unga, hamira, sukari kidogo, mafuta na chumvi, na mwokaji akikosea kimoja kati ya hivyo mlaji hulijua kosa hilo tangu tonge la kwanza. Mimi nimekula keki nzuri katika bekari ambazo mkate wake haukulika, lakini sikumbuki kupata skonzi nzuri mahali ambapo vitu vingine vyote vilikuwa vibaya.

Waokaji wengi huanza kazi saa nane au saa tisa usiku, ili mkate ufike madukani kabla ya watu kuamka. Kwa hiyo wakati mzuri wa kufika ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu asubuhi, wakati baridi ya Nakuru bado inauma na wafanyakazi wanapita mbio kuwahi matatu. Hapo utaona vyakula vikitoka jikoni na pia utaona jinsi wahudumu wanavyojimudu foleni inapokuwa ndefu. Rudi mara ya pili siku ya Jumamosi, mwendo wa saa tatu, kwa sababu bekari iliyokuwa hodari alfajiri huweza kuwa imelegea watu wanapopungua. Bekari mbili zatosha kwa asubuhi moja. Ukifika ya tatu, tumbo limeshajaa na hukumu yako si ya haki tena. Usiishie Kenyatta Avenue na mitaa ya karibu na soko. Huko Langalanga, Section 58 na Lanet kuna waokaji wadogo ambao tanuri lao unaliona ukiwa umesimama mlangoni, na hilo peke yake ni faida kubwa kwa anayechunguza.

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo huingia jikoni. Kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kinyunya huumuka haraka zaidi, na mwokaji anayefuata vipimo vya hamira vya pwani bila kuvipunguza hupata mkate wenye pango chini ya gamba, ambao kichwa chake hubonyea ukishapoa. Ukikata skonzi ukaona tundu kubwa upande wa juu na sehemu iliyoshikana upande wa chini, basi kinyunya kiliachwa kikaumuka kupita kiasi. Sehemu ya ndani inatakiwa kuwa na vitundu vidogo vinavyolingana. Ibonyeze kwa kidole gumba kisha uachilie: ikirudi polepole mahali pake, imeiva na ni mpya, ikibaki na shimo, haikuiva vizuri, na ikivunjika chengachenga, imelala. Inuse pia kabla ya kuila. Harufu ya ngano iliyookwa ni tamu kidogo, ilhali uchachu unaokaribia ule wa pombe ni dalili ya hamira iliyozidi.

Wengi huamini kwamba mkate unaofuka moshi ndio bora. Sikubaliani nao. Mkate mzima uliotolewa tanurini sasa hivi bado unaiva kwa joto lake wenyewe, na ukikatwa mapema hushika kisu na kugandana mdomoni, kwa hiyo mhudumu anayekuomba usubiri kidogo anajua kazi yake. Skonzi, kwa kuwa ni ndogo, unaweza kuila baada ya dakika chache tu.

Mandazi hupimwa kwa mafuta. Lifunge moja katika karatasi shashi kwa dakika moja. Doa dogo si kitu, lakini karatasi ikilowa kabisa, lilitiwa kwenye mafuta ambayo hayakuwa yamepata moto wa kutosha. Mafuta yaliyotumika mara nyingi hujulikana kwa rangi ya kahawia iliyokolea nje, hali ndani bado ni bichi, na kwa ukali unaokwaruza koo baada ya kumeza. Hafukeki haina mengi ya kuchunguzwa: inatakiwa iwe ngumu nje, ilegee ndani, na ikubali kuchovywa katika chai bila kumong'onyoka.

Chai yenyewe isisahauliwe. Kwa sababu ya mwinuko huohuo, maji ya Nakuru huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100, kwa hiyo majani yanahitaji muda zaidi motoni ili yatoe rangi na ladha. Chai iliyoharakishwa huwa nyeupe na haina nguvu, na ile iliyokaa kwenye chupa tangu alfajiri huwa na ladha ya kifuniko.

Kuhusu huduma, sipimi tabasamu. Ninatazama mikono. Mhudumu anayepokea noti kisha akachukua mandazi kwa vidole vilevile amejiondolea alama nyingi, hata kama amekusalimu kwa adabu, na koleo linaloning'inia ukutani bila kutumiwa ni pambo tu. Tazama kama bei zimeandikwa mahali pa kuonekana, kama chenji inarudishwa bila kuombwa, na kama vyeti vya uchunguzi wa afya, ambavyo washika chakula hutakiwa kuvifanya upya kila baada ya miezi 6, vipo na havijapitwa na wakati. Kisha uliza swali moja. Asubuhi moja nilimwuliza binti aliyekuwa kaunta, "Dada, skonzi hizi ni za leo?" Akajibu, "Hizi ni za jana jioni, mzee. Za leo zitatoka saa moja na nusu. Ukiweza, ngoja kidogo." Nilingoja, na tangu siku hiyo bekari ile ina alama zote za huduma katika daftari langu, ingawa viti vyake vinayumba.

Katika daftari hilo chakula kina alama 5, usafi 3 na huduma 2. Bei huiandika pembeni bila kuipa alama, kwa kuwa hailinganishwi kirahisi: mkate wa kawaida hautozwi kodi ya ongezeko la thamani, na pendekezo la mwaka wa 2024 la kuutoza asilimia 16 liliondolewa baada ya malalamiko ya wananchi, lakini keki haina nafuu hiyo. Uzito ndio unaofaa kuangaliwa. Niliwahi kununua mkate ulioandikwa gramu 400, nikaupeleka kwa muuza nyama jirani, na mizani yake ikaonyesha 360. Mkate hupoteza maji kidogo unapopoa, nayo mizani ya buchani si ya maabara, kwa hiyo nilinunua mwingine wiki iliyofuata nikaupima palepale. Ulikuwa vilevile. Nilimwendea mwenye duka kwanza, faraghani, kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, na ndivyo ninavyomshauri kila anayekuta kasoro, maana stima hupotea usiku, mwokaji huugua, na siku moja mbaya haitoshi kumharibia mtu jina.

Jambo linalogusa afya ni tofauti. Ukikuta ukungu ndani ya mkate ambao tarehe yake haijapita, usiutupe: uhifadhi pamoja na karatasi yake yenye tarehe na risiti uliyopewa, kisha uufikishe kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti siku hiyohiyo.