"Rise" na "raise": sikiliza kitenzi cha Kiswahili kwanza

Mnaoandika barua za kazi kwa Kiingereza, chungeni sana "rise" na "raise". Kiswahili chenyewe kinakupa jibu. Kama ungesema panda, inuka au chomoza, yaani kitu kinakwenda juu chenyewe, tumia "rise". Kama ungesema pandisha au inua, yaani kuna anayekipeleka juu, tumia "raise". Bei imepanda: "The price has risen." Mwenye duka amepandisha bei: "The shopkeeper has raised the price." Ile -sha ya pandisha ndiyo "raise" yenyewe! Ndiyo maana mwanafunzi anayenyoosha mkono huambiwa "raise your hand", kwa sababu mkono haunyooki peke yake.

Wakati uliopita ndipo wengi wanapoteleza. "Rise" hugeuka kuwa "rose", kisha "risen". "Raise" ni "raised" tu, basi. "Rised" halipo kabisa.

"Climb" ni kupanda kwa juhudi, mara nyingi kwa mikono na miguu: mnazi, ngazi, Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895. Herufi b ya mwisho haitamkwi. "Ascend" inakaribiana nayo ila ni ya maandishi rasmi. Kwa rafiki yako sema tu "I went up the stairs".

Na "arise" siku hizi mara nyingi haihusu mwendo, ni kuzuka. Tatizo limezuka: "A problem has arisen."