Umeridhia mkataba, visiwa vyako vimo ama havimo?

Mpwa wangu anasoma sheria, juzi akaniletea swali la kesi za kuigiza: yeye ni Uingereza, mkataba ameridhia, sasa anataka ufike mpaka maeneo yake ya ng'ambo. Tulikaa saiba moja hapa Kondele mpaka wakatufungia, so nawaandikia msihangaike kama sisi.

1. Printi mkataba wote. Mambo ya simu wacha, utachoka kuskroli kabla ufike vifungu vya mwisho na shughuli yote iko huko.

2. Tafuta kifungu cha maeneo, kile kinasema mkataba unafikaje maeneo ya ng'ambo. Ule wa wakimbizi wa 1951 ni kifungu cha 40, unaanza kufanya kazi huko siku ya 90. Ule wa haki za binadamu wa Ulaya ni cha 56, siku ya 30. Hesabu kuanzia siku barua ya kueneza mkataba imepokelewa, si siku waziri amesaini. (Huu wa Ulaya Uingereza iliueneza mpaka Kenya 1953, katikati ya hali ya hatari, fikiria hio.)

3. Kifungu hakipo? Hapa ndio tulilala njaa. Mpwa alidhani mkataba ukinyamaza visiwa viko nje, kumbe ni kinyume, kifungu cha 29 cha Mkataba wa Vienna wa 1969 (ule wa sheria ya mikataba yenyewe) kinasema mkataba unaifunga nchi na eneo lake lote isipokuwa nia tofauti ionekane. Mimi mwenyewe kitambo nilimaliza bando nikitafuta barua ya Denmark ya kueneza Mkataba wa Paris wa tabianchi hadi Greenland, eneo lake, kumbe kitu cha kutafuta ni tamko la 2016 walipoitoa Greenland nje, halafu barua ya kuondoa hilo tamko. New Zealand vilevile na visiwa vyake vya Tokelau, nje 2016, ndani 2017. Kwa saiti ya mikataba ya UN haya yote yamefichwa kwa vijinambari kando ya jina la nchi, vibonyeze kimoja kimoja. Sasa Uingereza kawaida yake ni kuridhia kwa niaba yake peke yake kwanza halafu inaongeza maeneo pole pole, kwa hivyo soma ile hati ya kwanza ya kuridhia ilitaja nani kabla uandike chochote.

4. Uliza serikali ya kisiwa kama sheria zao ziko tayari. Kama bado, ngoja.

5. Andika barua. Taja kila eneo kwa jina, hio ya "na mengineyo" mimi siitaki kabisa. Mikataba ya UN inaenda kwa Katibu Mkuu New York, huo wa Ulaya unaenda Baraza la Ulaya, Strasbourg.