Jaribio la umeme tuli likigoma, kausha vifaa kwanza

Wanafunzi wa fizikia mlioko pwani, iwe Dar es Salaam, Tanga au Mombasa: rula ya plastiki mliyoisugua kwa kitambaa ikikataa kuvuta vipande vya karatasi, tatizo mara nyingi ni hewa. Ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, na unyevu huo huacha utando mwembamba wa maji juu ya plastiki. Chaji, yaani umeme tuli unaobaki juu ya rula baada ya kusugua, hupitia humo na kupotea kabla hujaifikisha rula kwenye karatasi.

Kwa hiyo anika rula na kitambaa cha sufu juani kwanza, kausha mikono, shika rula mwisho mmoja tu, kisha sugua haraka haraka. Mnaosugua kalamu kichwani, nywele zenye mafuta hazifai.

Jaribio likikubali, angalia kwa makini sana. Kipande kidogo cha karatasi huruka, hunata kwenye rula, halafu ghafla hurushwa pembeni. Kimeigusa rula na kupokea chaji ya aina ileile ya rula, ndiyo maana kinasukumwa. Hapo wengi hupoteza maksi kwenye mtihani: kuvutana hakuthibitishi kwamba vitu vyote viwili vina chaji, maana rula iliyosuguliwa huvuta hata karatasi isiyo na chaji. Uthibitisho ni kusukumana. Ning'iniza rula iliyosuguliwa kwa uzi mkavu, kisha isogezee nyingine ya plastiki ileile, iliyosuguliwa kwa kitambaa kilekile, uone inavyogeuka kuikimbia.