Dadu za mbao kwa darasa la lugha mbili

Kabla hujawachangisha wazazi fedha za chati za dukani, pita kwanza kwa fundi seremala. Nafundisha darasa la pili huku Mafinga, watoto 72, wengi nyumbani wanaongea Kihehe au Kibena, na darasani wanakutana na Kiswahili na Kiingereza kwa mpigo. Zana ninazozitegemea zimetoka kwenye rundo la kuni.

Sisi tuna bahati ya msitu wa Sao Hill: mashine za mbao zipo nyingi na masalia hayaishi. Usichukue mabanzi wala maranda. Unachotaka ni ncha za mbao ya mbili kwa mbili. Nenda asubuhi, kabla mama ntilie hajazibeba, na usisahau salamu.

"Kamwene, fundi. Naomba hivyo vipande unavyotupa."

Mimi nilipewa kiroba kizima bure; nilimlipa tu elfu tatu ya kunikatia viwe sawa pande zote. Mbao mbichi ya paini ina utomvu, inanata mikononi na wino wa maka peni unasambaa. Anika wiki mbili mahali pakavu, ndipo upige msasa mpaka kona ziwe butu.

Dadu ina pande sita, irabu zetu ni tano. Upande unaobaki chora nyota: ikilala nyota juu, mtoto anachagua irabu aitakayo (huo ndio upande wanaougombania). Dadu ya pili iandike m, b, k, t, l, n. Mtoto anarusha zote mbili, anasoma "ku", kisha anatafuta neno: kuku, kuni, kumbikumbi.

Kosa langu lilikuwa kuzihamishia dadu hizo hizo kwenye Kiingereza. Mtoto alipata "me" akaisoma kama ya meza, nami nikamsahihisha, naye akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Alikuwa na haki. Kwetu irabu moja sauti moja. Kiingereza hakina mpango huo. Nikatengeneza seti nyingine: kipande kimoja kisichorushwa kimeandikwa "at", na dadu yenye b, c, h, m, r, s. Ukirusha, upande wowote unakupa neno kamili: bat, cat, hat, mat, rat, sat. Seti ya Kiswahili nimeipaka bluu, ya Kiingereza nyekundu, kila moja na ndoo yake.

Kwenye hesabu ndiko lugha hizi zinabebana. Nunua njiti za mishikaki, kata ncha kali, funga kumi kumi kwa mpira. "Kumi na mbili" inajieleza yenyewe: fungu moja, njiti mbili. "Twelve" haisemi chochote, kwa hiyo mtoto ashike fungu na zile njiti mbili huku anaitamka. Ila mkifika kwenye makumi mambo yanageuka. Ishirini, thelathini, arobaini: ndani yake huisikii mbili, tatu wala nne. Lakini "forty" inasikika "four", na "sixty" ina "six" nzima. Weka mafungu manne mezani, wayahesabu kwa Kiingereza kwanza, halafu waambie hayo ndiyo arobaini. Kuna mtoto wangu mmoja alipiga kelele, "Kumbe ni kumi nne!"

Maharage ya kuhesabia yaache jikoni. Nimeshachomoa moja puani mwa mtoto, inatosha.

Kadi za picha nazikata kwenye maboksi ya dukani: mbele picha, nyuma jina kwa bluu na kwa nyekundu. Mwanzoni nilibandika picha kwa uji wa unga wa ngano. Tuliporudi likizo ya Juni, panya walikuwa wameingia stoo. Kadi ya paka ilibaki mkia tu. Sasa natumia gundi ya mbao, na ndoo zote zina mifuniko.